Siri ya Kuzunguka Bila Kuanguka

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuwaona watoto uani wakijizungusha, mikono wameinyosha, kisha wakaanguka chali huku wakicheka na kudai kuwa ardhi ndiyo inayozunguka. Sasa mfikirie mtu azungukaye juu ya mguu mmoja mara mbili, hata mara tatu, kisha akasimama wima kana kwamba hakuna lililotokea. Huyo ni mchezaji wa baleti, na mzunguko wake huitwa pirueti. Je, amezaliwa na kichwa cha namna nyingine? La hasha. Amefundishwa.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, watoto wamefundishwa baleti katika vyumba vya madarasa baada ya madawati kuondolewa. Mzazi ambaye mwanawe amerudi nyumbani akilia kwamba kila akizunguka huanguka, asiharakishe kumwambia aache. Kuanguka huko si dalili ya kukosa kipaji.

Mwaka 1893, mchezaji wa Kiitalia aitwaye Pierina Legnani aliwastaajabisha watazamaji wa St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi, kwa kuzunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja, huku mguu wa pili ukichapa hewa kama mjeledi. Mwaka 1895 akairudia ajabu hiyo katika baleti ya Swan Lake. Warusi hawakuridhika na kupiga makofi tu. Walijifunza, na Mathilde Kschessinska akawa Mrusi wa kwanza kuumudu mzunguko huo. Kama ustadi ungekuwa wa damu, ungebaki Italia.

Kizunguzungu chenyewe hutoka wapi? Ndani ya sikio mna mirija mitatu iliyopinda kama nusu duara, nayo imejaa majimaji. Mwili uliokuwa ukizunguka unaposimama, majimaji hayo huendelea na safari, mfano wa maji ya ndoo iliyozungushwa kisha ikasimamishwa ghafla. Ubongo hudanganyika, ukadhani mwili ungali unazunguka. Mwaka 2013, watafiti wa Imperial College London waliwalinganisha wachezaji baleti 29 na wapiga makasia 20, wote wanawake. Waliona kuwa hisia ya kuzunguka iliwaisha wachezaji mapema zaidi, na kwamba hata sehemu ya ubongo inayopokea habari za sikio ilikuwa tofauti kwao. Ubongo, basi, huzoeshwa kwa mazoezi ya miaka mingi.

Mwanafunzi mpya hana miaka hiyo, lakini ana macho. Na achague alama moja ukutani, iliyo sawa na kimo cha macho yake. Mwili uanze kuzunguka, uso ukibaki pale pale ukiitazama alama. Kidevu kikikaribia bega, kichwa kigeuke upesi na kuiona tena alama ile kabla mwili haujafika. Hivyo kichwa huwa cha mwisho kuondoka na cha kwanza kurudi.

Halafu yaja mambo ya mwili. Mguu mmoja huwekwa mbele ya mwingine, magoti hukunjwa bila visigino kuinuka, kisha mchezaji huisukuma sakafu na kupanda juu ya sehemu ya mbele ya wayo. Mguu wa pili huinuliwa hadi vidole viguse goti la mguu uliosimama. Mikono hukusanywa mbele ya kifua kama iliyokumbatia mtungi, maana ikikusanywa mwendo huongezeka, na ikitanuliwa hupungua.

Kosa la wengi ni kutumia nguvu. Hurusha bega, huinamisha kiuno, wakaanguka. Itazame pia ya mtoto: ikisimama wima huzunguka imetulia, ikiinama huyumba na kulala chini. Kwa hiyo mwalimu mwema haanzi na mzunguko. Huanza na kusimama kwa mguu mmoja bila kutikisika, kisha robo ya mzunguko, kisha nusu, na mzunguko kamili huja mwisho.

Nawe mzazi, una sehemu yako. Usimruhusu mwanao azunguke kutwa juu ya saruji, kwani sakafu ngumu huumiza viungo. Wala usimharakishie viatu vya kusimamia ncha za vidole. Hivyo kwa kawaida hungoja umri wa miaka 11 au 12, baada ya mazoezi ya kutosha, mifupa na misuli ikiwa imepata nguvu. Usimcheke akianguka, na usimsifu kwa wingi wa mizunguko. Msifu kwa namna anavyosimama baada ya kuzunguka, maana hapo ndipo elimu yake huonekana.

Wahenga walisema, mwanzo wa ngoma ni lele. Leo ni robo ya mzunguko. Mwache aimalize vema.