Bahari Shwari Ukutani Mwako

Je, msomaji, umewahi kuingia sebuleni mwa jirani hapa Machakos ukakuta picha ya bahari ukutani, ukajiuliza: bahari na vilima vya Iveti, wapi na wapi? Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Lakini usicheke. Katika karne ya 19, misafara ya Wakamba ilipeleka pembe za ndovu hadi pwani, kwa hivyo bahari si ngeni kwetu.

Huenda mumeo atauliza kwa nini ununue picha ilhali karo haijalipwa. Swali lake ni la haki. Basi, kabla hujatoa pesa, jua unachonunua.

Tazama kwanza mstari ambapo maji hukutana na anga. Mstari uliolala hutuliza moyo. Ulioinama huleta wasiwasi. Ndiyo sababu mchoraji wa dhoruba huilaza milingoti upande na kuyachongoa mawimbi. Aghalabu mstari huo hauwekwi katikati kabisa. Ukishushwa chini, anga hupanuka nawe ukahisi unapumua.

Pili, tazama rangi. Picha tulivu huwa na rangi chache zinazokaribiana. Tatu, tafuta kitu kimoja kidogo, kama vile mashua, kilichowekwa kando ili jicho lipate pa kutua.

Mfaransa Claude Monet alifanya hivyo mwaka wa 1872 alipochora bandari ya Le Havre alfajiri. Katika ukungu wa samawati kuna mashua chache na jua dogo la rangi ya chungwa. Mwangaza wa jua hilo unakaribia kulingana na wa anga, hata ukiitoa picha hiyo kwa rangi nyeusi na nyeupe, jua karibu litoweke. Linaonekana, lakini halipigi kelele.

Ukishanunua, itundike mahali ambapo jua halipigi, ili rangi zisipauke. Iwe usawa wa macho ya aliyeketi, nayo isipinde, maana upeo ukipinda, utulivu wote humwagika.

Kweli, picha hailipi karo. Lakini jioni, nyote mkiwa mmechoka na maneno makali yako karibu na ulimi, ni vyema macho yawe na mahali pa kupumzikia kwanza. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.