Nipige Kura Wapi: Kwa Babu au Namatala?



Mimi nina miaka 19. Tangu nilipotimiza miaka 18, swali moja limenisumbua kuliko maswali yote ya hesabu, nalo ni hili: nijiandikishe kupiga kura wapi? Najua si mimi peke yangu. Bwenini jioni, taa zikiisha kuzimwa, wenzangu wengi huulizana jambo hilo hilo. Kwa hiyo nimeona vema kueleza yale niliyojifunza juu ya sheria na juu ya historia ya mji wetu, kisha niseme mawazo yangu mwenyewe. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo.

Kwanza sheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 59, yasema kwamba kila raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura, na tena ni wajibu wake kujiandikisha. Sheria ya uchaguzi yaeleza kwamba mtu aweza kujiandikisha katika muluka anakotoka, au katika muluka anakokaa. Liangalie sana neno hilo "au". Jina la mtu haliwezi kuwa katika daftari la mahali pawili. Akijiandikisha mara mbili amevunja sheria. Akihama, aweza kuomba jina lake lihamishwe. Basi sheria imemfungulia kijana milango miwili, lakini haikumwambia apite upi. Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani kwetu.

Baba yangu ni Mgwere. Kijiji cha babu kiko Budaka, na huko ndiko makaburi ya wazee wetu yaliko. Mama yangu ni Mgisu, kwao ni upande wa mlima Wanale. Mimi nilizaliwa Namatala, hapa Mbale. Babu alikuja mjini akiwa kijana kubeba magunia ya kahawa, akapanga chumba Namatala akidhani atakaa msimu mmoja. Msimu huo haujakwisha mpaka leo. Katika safu yetu ya nyumba wanakaa Wagisu, Wagwere, Wateso, Wakaramoja na Mnubi mmoja mzee. Watoto huanza mchezo kwa Kigwere, hugombana kwa Kiganda, na mtu mzima akifika huwaamua kwa Kiswahili.

Hata hivyo baba hajapata kupiga kura Namatala hata mara moja. Kila siku ya uchaguzi hupanda gari alfajiri kwenda Budaka, na jioni hurudi. Yeye husema, "Mwanangu, mtu hupiga kura palipo na makaburi ya babu zake. Mwacha asili ni mtumwa." Si jambo jepesi kumjibu baba mwenye methali mkononi. Nikaona kwamba kabla ya kusema neno, yanipasa kujua kwanza mji huu ni wa nani.

Nilipotafuta, nilistaajabu. Aliyeanzisha mji wa Mbale mwanzoni mwa miaka ya 1900 hakuwa Mgisu wala Mgwere. Alikuwa Semei Kakungulu, mtu wa Koki, mkuu wa vita aliyemtumikia Kabaka na baadaye Waingereza. Alikuja na wafuasi wake, akajenga, akafanya barabara, akapanda miti. Toka mwaka 1906 mpaka mwaka 1913 Waingereza walimweka Jinja awe mkuu wa baraza la Busoga. Kazi hiyo ilipokwisha hakurudi Koki wala Mengo, alirudi Mbale. Mwaka 1919 alishika dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake, na alipokufa mwaka 1928 alizikwa karibu na Mbale. Jamaa ya waumini wale, waitwao Abayudaya, wako Nabugoye mpaka leo. Bila shaka huyu alikuwa mtu aliyechagua mahali pa kutia mizizi.

Lakini tusifiche upande wa pili. Wenyeji hawakuulizwa. Kakungulu alikuja na bunduki, na mawakili wa Kiganda wakawekwa juu ya watu kwa nguvu, na uchungu wa mambo hayo ulidumu miaka mingi. Mgeni ajaye kwa bunduki huwaachia jina baya wageni wote watakaomfuata, hata wale wanaokuja na jembe au na gunia begani.

Twende mbele mpaka wakati wa uhuru. Wilaya mbili, Bugisu na Bukedi, ziligombea Mbale, kila moja ikisema mji ni wake. Wagwere walikuwa katika Bukedi. Ugomvi haukupata mwamuzi, hata Katiba ya mwaka 1962 ikauweka mji peke yake: ilitaja wilaya ya Bugisu, ikataja wilaya ya Bukedi, kisha ikaitaja Mbale mbali, kama mtoto ambaye baba na mama wanamvuta mikono yote miwili. Mpango huo haukudumu. Lakini nilipousoma nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka, maana baba ni wa Bukedi na mama ni wa Bugisu, na mtoto yule anayevutwa ndiye mimi.

Katika likizo nilikwenda Jinja kwa shangazi yangu, akaaye Walukuba. Nilimweleza shida yangu, naye akaniambia nitazame mji wa Jinja kabla sijatoa shauri. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikaja kufuata umeme. Watu wakaja kufuata viwanda: Wasoga, Wagisu, Wateso, na wengi kutoka Kenya. Wafanya biashara wengi wa mji walikuwa Wahindi. Lakini mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa kazini maelfu ya Wakenya, wakarudi kwao na mizigo yao. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda, ingawa wengi wao walizaliwa hapa hapa. Baadaye, mwaka 1982, ilitungwa sheria ya kuwarudishia mali zao, na baadhi yao wakarudi.

Shangazi akasema, "Umeona? Mtu aweza kukaa mahali miaka thelathini, na siasa zikamng'oa kwa miezi mitatu." Nami nikakumbuka kwamba mwaka 1972 hapakuwa na Bunge la kusema hapana, Amin alikuwa ametawala kwa amri tangu mwaka 1971. Basi mtu asemaye, "Mimi sitaki siasa, nataka kukaa kwa amani na kazi yangu," hajui kwamba amani ile ile anayoikalia ni siasa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kutia mizizi na kupiga kura ni jambo moja.

Katiba ya sasa imejaribu kutupa ulinzi. Kifungu cha 29 chasema kwamba kila Mganda, yaani kila raia wa Uganda wa kabila lo lote, aweza kwenda na kukaa mahali po pote katika nchi. Kwa hiyo Mgwere akaaye Mbale si mgeni mbele ya sheria, wala Mgisu akaaye Jinja. Lakini Katiba hiyo hiyo, inapoeleza ni nani raia kwa kuzaliwa, huuliza habari za wazazi na mababu: je, ni wa makabila yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926? Makabila hayo yameandikwa kwa majina katika orodha; yalikuwa 56, na mwaka 2005 yakaongezwa kufika 65. Basi katika uraia sheria inamtazama babu yangu. Katika makao inanitazama mimi. Baba ana haki, nami nina haki. Sheria haiwezi kutuamua.

Kilichoniamua mimi ni matope.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha mlimani. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika, na watu zaidi ya 20 wakafa katika Mbale na sehemu za jirani. Kwetu hakufa mtu, lakini maji yaliingia mpaka kitandani. Asubuhi watu wote wa safu yetu walitoka na majembe, mabeseni na sahani. Mteso alichimba mbele ya mlango wa Mgisu. Mama wa Kikaramoja akawashika watoto wa wote. Yule mzee Mnubi, asiyeweza kuinama, akatupikia chai. Sikusikia mtu akimwuliza mwenzake, "Kwenu ni wapi?"

Baadaye tuliitwa mkutano wa kijiji. Kwa sheria, baraza la kijiji ni la watu wote waliotimiza miaka 18 wakaao hapo, haidhuru wametoka wapi. Mimi nilikuwa bado mdogo, nikasimama nyuma. Baba alisimama akasema kwa hasira juu ya mfereji uliojaa taka miaka mingi bila kuzibuliwa, ndio uliorudisha maji ndani ya nyumba zetu. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa adabu, "Mzee, hayo uliyosema ni kweli tupu. Lakini wewe wapiga kura wapi?" Baba akajibu, "Budaka." Mwenyekiti akasema, "Na huyu je? Na yule?" Karibu nusu ya watu pale walitaja vijiji vya mbali. Akasema, "Basi diwani akija kuhesabu watu wa kumwogopa katika mtaa huu, atatuona wachache."

Baba alikaa chini. Njiani kurudi hakusema neno.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri hivi. Kura ni kama jembe. Hulimia pale unapolipeleka. Mfereji wa Namatala hauwezi kuzibuliwa kwa kura iliyopigwa Budaka. Na tazama, Budaka nako kura ya baba yafanya nini? Yeye hajui kisima gani kimekauka huko, wala shule gani haina mwalimu. Humchagua mtu aliyeambiwa na jamaa zake amchague. Watu wa huko ndio wanaoishi na matokeo, si yeye. Yaani mtu mmoja amekosesha mahali pawili.

Nilimwambia baba maneno hayo kwa heshima. Akanijibu neno ambalo si la kudharau. Alisema, "Nikifuta jina langu Budaka, ndugu zangu watasema nimehama, na kipande chetu cha ardhi kitaliwa." Nikaenda kusoma tena. Katiba yasema ardhi ya Uganda ni ya raia, na yataja njia za kuimiliki, mojawapo ikiwa kwa desturi. Ardhi ya desturi hulindwa na ukoo unaomjua mtu, na mipaka inayojulikana, wala si na daftari la wapiga kura. Kupiga kura Namatala hakumnyang'anyi mtu shamba la baba yake. Lakini kuna ukweli katika hofu ya baba: asiyeonekana husahauliwa. Dawa yake, nadhani, ni kwenda mazishini, kulima msimu, kuwajua shangazi na watoto wao. Hayo hayahitaji karatasi ya kura.

Mtu aweza kuuliza, "Je, kila mtu apige kura anakolala?" Sisemi hivyo. Mwanafunzi wa bweni hulala shuleni, lakini hajatia mizizi shuleni. Mfanya kazi wa miezi sita naye ana haki ya kubaki na kwao. Watu wa Bududa walionusurika katika maporomoko ya tarehe 1 Machi 2010, yaliyofukia kijiji cha Nametsi, walipelekwa Kiryandongo, mbali sana na mlima. Wengine walikaa, wengine wakarudi. Nyumba mtu aweza kupewa, mizizi hapewi. Kipimo changu ni hiki tu: jiulize ni mahali gani ambapo mambo yakiharibika, wewe ndiwe utakayeshika jembe kuzoa matope. Jina lako liwe katika daftari la hapo.

Neno langu la mwisho ni kwenu wazee wetu, mliosoma hapa kabla yetu. Wengi wenu mko Jinja, Kampala, Nairobi na ng'ambo. Mtaa unaokaa umejaa watu kama baba yangu, wenye akili na uchungu, lakini hawahesabiwi. Siku ya uchaguzi huondoka na mabasi, na mitaa hubaki na wenye kupewa sabuni na chumvi. Kisha tunashangaa kwa nini taka hazizolewi.

Mimi nimejiandikisha Namatala. Baba bado yuko katika daftari la Budaka, na sijamshinda kwa maneno. Wala si adabu kumshinda. Siku ya uchaguzi yeye ataondoka alfajiri kwenda zake, nami nitakwenda kwa miguu mpaka kituo cha karibu. Jioni tutakula ugali pamoja. Lakini juma lililopita nilimsikia akimwuliza mama, polepole, mtu akitaka kuhamisha jina lake hupita katika ofisi gani.