Siku ya Baridi Nayo Huunguza: Kujua Hatari ya Moto Mapema



Kila mwaka kuanzia Januari hadi Machi, na tena baada ya Julai mpaka mvua za Oktoba zifike, sisi tunaokaa kando ya msitu wa Mlima Kenya tuko katika majira ya moto. Machi 2012 moto ulipanda mpaka kwenye nyasi na vichaka vya juu mlimani, ukawaka siku kadhaa. Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Sisi husema ni jua kali limeleta. Hiyo ni nusu tu ya ukweli.

Kikundi kimoja cha akina mama ninachokitembelea kilipoteza mizinga 14 ya nyuki. Jirani yao alichoma mabua ya mahindi siku yenye ubaridi na mawingu, akaona hakuna jua la kutisha. Kufika saa nane moto ulikuwa umeruka ua. Huyo mzee si mtu mbaya. Alitazama juu, na hatari ilikuwa chini miguuni pake.

Tuanze na unyevu ulio hewani. Nyasi iliyokufa ni kama nguo kwenye kamba: hewa ikiwa na maji huyanyonya, hewa ikikauka huyatoa, na kazi hiyo huchukua kama saa moja tu. Gogo nene huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo msidanganywe na gogo bichi, wala na umande wa alfajiri. Nyasi iliyolowesha viatu vyako ukienda kukama yaweza kuwaka kabla ya chakula cha mchana. Hewa huwa kavu zaidi kati ya saa sita na saa kumi. Na kama alfajiri hakuna umande kabisa, siku mbili tatu mfululizo, basi hata usiku nyasi haipati maji. Hapo mwenyekiti aite watu.

Kikundi chaweza kupima. Nunueni vipimajoto viwili, muvitundike kivulini, mbali na jiko. Kimoja kifungeni kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, halafu mukipepee kwa kifuniko cha sufuria mpaka kiache kushuka. Hewa ikiwa kavu, chenye maji hushuka sana. Mfano: hapa kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, kikavu kikisoma 25 na chenye maji 13, unyevu umeshuka chini ya asilimia 30. Siku hiyo hakuna kuchoma kitu, hata takataka.

Upepo hauhitaji chombo. Majani na vijiti vidogo vikitikisika bila kupumzika, jihadharini. Vumbi na karatasi zikiinuka, upepo umefika kilomita 20 kwa saa au zaidi, na cheche yaweza kuvuka barabara. Tena kumbukeni tabia ya mlima: mchana upepo hupanda, usiku hushuka. Anayechoma bondeni adhuhuri anaupeleka moto msituni, na kwenye mteremko moto hukimbia zaidi kwa sababu miali hukausha nyasi iliyo mbele yake. Anayengoja jioni naye aweza kurudishiwa moto nyumbani.

La mwisho ni nyasi yenyewe. Tembeeni mpakani mwa msitu mara moja kwa wiki. Ikiwa zaidi ya nusu imegeuka rangi ya mkate, na ukiikunja mkononi inavunjika, moto utapata njia. Hapa watu hushangaa nikiwaambia kwamba mwaka wa mvua nyingi ndio wa kuogopa: nyasi hurefuka, kisha kiangazi huikausha yote.

Kitu kimoja peke yake hakitoshi. Nyasi kavu bila upepo, watu wachache wenye matawi mabichi na majembe waweza kuizima. Vikikutana vitatu, hewa kavu, upepo na nyasi iliyokauka, warina asali waache moshi wao nyumbani, wachoma makaa wazime, na vijana wawili wakae mahali pa kuona mbali mpaka jua litue.

Kile kikundi cha mizinga sasa kimetundika vipimajoto vyake kwenye kibanda cha maziwa. Mama mmoja huvisoma saa nane na kuandika katika daftari, na zikishuka chini ya 30 hufunga kitambaa chekundu mlangoni. Yule jirani mzee hupeleka maziwa hapo kila siku.