Askari 32 na Mfalme Mmoja

Watoto, mwajua mchezo wa kisolo. Katika kisolo mbegu zote ni sawa. Hakuna kubwa wala ndogo. Lakini uko mchezo mwingine, jina lake sataranji, ambamo kila kete ina cheo chake na mwendo wake.

Watu wawili hucheza sataranji juu ya ubao wenye vyumba 64 vya pembe nne: mistari 8, na katika kila mstari vyumba 8. Kila mmoja ana kete 16. Mfalme huenda hatua moja tu, upande wo wote. Malkia huenda mbali kwa njia zote. Minara miwili huenda moja kwa moja, maaskofu wawili hupita pembe kwa pembe, na farasi wawili huruka. Mbele yao husimama askari 8. Askari ndiye mdogo wa wote. Huenda mbele hatua moja. Safari ya kwanza tu aweza kwenda mbili. Hula adui aliye mbele yake kwa pembeni, wala harudi nyuma kamwe. Lakini akifika mstari wa mwisho hupewa cheo, hata cha malkia. Ukimbana mfalme wa mwenzako asipate pa kukimbilia, umeshinda.

Katika Ayalandi, kisiwa kilicho karibu na Uingereza, aliishi mwandishi wa vitabu aitwaye Lord Dunsany (1878–1957). Alipenda sana sataranji. Mwaka 1942 alitunga mchezo mpya juu ya ubao ule ule. Upande mmoja una kete zake 16 kama desturi, nao huanza. Upande wa pili hauna mfalme, wala malkia, wala farasi: una askari 32 tu, wamejaa mistari minne. Hawa hawana ruhusa ya kwenda hatua mbili. Wenye mfalme hushinda wakiwala askari wote. Askari hushinda wakimbana mfalme.

Je, wadogo hawa wataweza nini mbele ya malkia? Tazameni. Askari aliye peke yake huliwa upesi. Lakini askari akiwa na mwenzake nyuma yake kwa pembeni, nani atathubutu kumla? Akimla wa mbele, wa nyuma atamla yeye. Malkia hakubali kufa kwa ajili ya askari mmoja. Basi ukuta wa askari husonga polepole, nao wakubwa hukosa nafasi.

Lakini askari nao wana shida. Kila zamu lazima mmoja wao asogee. Hawawezi kusimama tu. Na hatua iliyokwisha kupigwa hairudishwi. Mchezaji mwerevu wa upande wa mfalme hutoa farasi wake kwa askari wawili, ili ukuta upate tundu. Mnara ukipita katika tundu lile, huwala kwa nyuma, kwani askari hawezi kugeuka.

Kwa hiyo, mchezaji wa askari, kabla ya kusogeza mmoja, ajiulize: Nani anamlinda huyu? Na akiondoka, nani atabaki bila mlinzi?

Maulizo
1. Askari hula adui namna gani?
2. Kwa nini malkia huogopa askari wawili wanaolindana?
3. Chora ubao chini, tafuta mawe, ucheze na mwenzako. Nani ameshinda, na kwa sababu gani?