Kipimo kimesema huna malaria. Nani atakiamini?

Homa imekupanda tangu jana. Umefika zahanati, umetobolewa kidole, na baada ya robo saa unaambiwa: huna malaria. Jibu kwa ukweli: unashukuru, au unaanza kubishana? Wengi hubishana. Wengine huaga vizuri, halafu wanapitia duka la dawa njiani na kununua dozi ya mseto "ili kujiridhisha". Na siyo wagonjwa peke yao. Kwa miaka mingi hata matabibu waliandika dawa ya malaria huku wameshika majibu yanayosema malaria hakuna.

Ubishi huo ndio unaokula muda mwingi wa kundi moja la wataalamu ambao huwasikii sana: washauri wanaosaidia mipango ya taifa ya kudhibiti malaria. Ukisikia neno mshauri unaweza kumfikiria mtu mwenye kompyuta mpakato, semina hotelini na posho. (Posho zipo, tusidanganyane.) Lakini kiini cha kazi ni swali moja: jibu la tone la damu linafika kwenye cheti cha dawa, au linaishia mezani kwa mpimaji?

Kwanza tukielewe kipimo chenyewe. Kipimo cha haraka, ambacho vituoni wanakiita mRDT, hakitafuti kimelea. Aina inayotumika zaidi Afrika hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotengenezwa na Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria nyingi na vifo vingi barani. Damu ikiwekwa kwenye kaseti pamoja na matone ya bafa, inasafiri kwenye utepe kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate. Njiani, pale kwenye mstari wa T, kuna kingamwili zinazoisubiri HRP2. Ikipita inanaswa, na mstari unajitokeza. Mstari wa C unaonyesha tu kwamba kipimo kimefanya kazi. Usipotokea, tupa kaseti, anza upya.

Mambo kadhaa yanaweza kuharibika hapo bila mtu kujua. Kaseti zikikaa muda mrefu kwenye stoo ya bati yenye joto kuliko linaloruhusiwa kwenye boksi, kingamwili zinachoka. Bafa ikiisha na mtu akatumia maji, mstari wa T unaweza kutokea kwa mtu asiye na malaria kabisa. Halafu kuna hili linalowachanganya wengi: HRP2 hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyemaliza dozi majuzi akipimwa tena anaweza kuambiwa bado anayo, kumbe ameshapona. Kuchagua kipimo kinachofaa, kukagua matoleo ya kiwandani, kupanga usafirishaji na kufundisha wapimaji, yote hayo mshauri anasaidia. Na kusema kweli, hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni neno "huna". Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliokuwa wanatibiwa malaria kali walichunguzwa upya kwa slaidi. Wenye vimelea walikuwa asilimia 46 tu. Yaani zaidi ya nusu walikuwa na kitu kingine. Na wale wasio na vimelea walikufa zaidi: asilimia 12.1, dhidi ya 6.9 ya wenye malaria kweli. Soma hizo namba mara mbili. Jina la malaria lilikuwa limefunika ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa anautafuta.

Basi leta vipimo vya haraka, si ndiyo? Vikaletwa, na utafiti mwingine wa eneo hilohilo, wa mwaka 2007, ukaangalia kilichofuata. Kati ya wagonjwa ambao kipimo cha haraka kilisema hawana, asilimia 54 waliandikiwa dawa ya malaria hivyohivyo. Kwa hadubini ilikuwa asilimia 51. Kifaa kipya, tabia ileile. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipopendekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, tatizo hili lilikuwa linajulikana vizuri.

Dar es Salaam ilionyesha kwamba linatatulika. Vipimo vilipoingizwa pamoja na mafunzo na usimamizi, wagonjwa wa homa wanaoandikiwa dawa ya malaria walishuka kutoka asilimia 75 hadi 20. Hongera, lakini ngoja kwanza. Wanaoandikiwa antibayotiki walipanda kutoka asilimia 49 hadi 72. Tabibu ameambiwa siyo malaria, mama bado amesimama mbele yake na mtoto anayechemka. Atafanya nini? Anatoa kitu. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara, uliotoka mwaka 2014, ulikuta malaria kwa karibu mtoto mmoja kati ya kumi. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao antibayotiki haigusi. Kwa maoni yangu mafunzo yanayoishia kwenye kusoma kaseti ni nusu ya mafunzo. Nusu nyingine ni kumfundisha tabibu aseme "siyo malaria" na ajue hatua inayofuata.

Mshauri anajuaje kama jibu linaheshimiwa? Njia moja haihitaji maabara. Anafungua rejista za MTUHA na kulinganisha: waliopimwa, waliokutwa nayo, na dozi zilizotolewa. Dozi zikizidi waliokutwa nayo, kuna mtu anakidharau kipimo, au dawa zinatokea mlango wa nyuma.

Sasa fikiria umetumia miaka kuwashawishi watu waamini "huna", halafu kipimo kinaanza kukosea kweli. Hiki ndicho kilichoikuta Eritrea. Wagonjwa walikuwa na dalili zote, kipimo cha haraka kinasema hawana, hadubini inaonyesha vimelea. Uchunguzi wa sampuli za mwaka 2016 ulikuta kwamba katika hospitali ya Ghindae, wagonjwa 21 kati ya 26 wa falciparum walibeba vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Massawa, 10 kati ya 24. Kimelea hakiihitaji protini hiyo ili kiishi, kwa hiyo kisichoitengeneza kinapita mbele ya kipimo kama mtu aliyevua sare. Upotevu wa jeni hiyo ulikuwa umesharipotiwa Peru mwaka 2010, lakini huku kwetu, ambako falciparum ndiyo inayoua, uzito wake ni mwingine. Eritrea ilibadilisha vipimo mwaka huohuo wa 2016.

Kwa nini basi kila nchi isibadilishe leo? Kwa sababu vipimo mbadala, vinavyotafuta protini nyingine iitwayo LDH, kwa kawaida vina uwezo mdogo wa kuona vimelea vikiwa vichache. Ukihama mapema unawakosa wagonjwa wengine. WHO imeweka mpaka: zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wenye dalili wakikoswa na kipimo kwa sababu ya jeni kupotea, hama. Chini ya hapo, baki na uendelee kuchunguza.

Na kuchunguza kwenyewe ni kazi ya taratibu: matone ya damu kwenye karatasi za kuchujia, yanakaushwa, yanasafirishwa, yanasomwa jeni. Tanzania ilifanya hivyo mwaka 2021 katika vituo 100, na upotevu ulikutwa nadra mno. Kwa hiyo ukiambiwa huna malaria hapa, kwa kipimo kilichotunzwa vizuri, una sababu nzuri ya kuamini. Homa ikiendelea, rudi kituoni uulize ni nini basi, na uombe slaidi kama ina mashaka. Dukani hawana kipimo cha swali hilo.