Macho Mekundu na Mazoea ya Kufikiri

Dalili ya mvua ni mawingu, wasema wahenga. Hata hivyo, mkulima wa pamba wa Bariadi ajua kwamba mawingu mengi hupita bila kudondosha tone, naye hapandi mbegu zake kwa kuona wingu moja. Ajabu ni kwamba mtu mwenye busara kiasi hicho shambani aweza kuisahau afikapo kwenye jambo lililo zito kuliko mvua, yaani uhai wa jirani yake.

Katika nchi ya Usukuma, ambamo Bariadi imo, macho mekundu ya mwanamke mzee yamehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya uchawi. Takwimu zilizokusanywa na Serikali zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wa Usukuma, na wengi walikuwa wanawake.

Yafaa basi kuuliza: macho huwa mekundu kwa sababu gani? Mwanamke wa kijijini hupika miaka arobaini au hamsini katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Moshi wa kuni, mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka huuchoma utando laini wa jicho, na mishipa midogo ya damu hupanuka. Kadhalika upo ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, uenezwao kwa nzi, vidole na vitambaa. Huwapata wanawake zaidi kwa kuwa ndio waleao watoto.

Uhaba wa kuni nao una historia yake. Tangu miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kumtokomeza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianzishwa mwaka 1986, Bariadi ingali wilaya ya mkoa huo, ukawahimiza wananchi kuzifufua ngitili na kupanda miti. Mkoa wa Simiyu wenyewe uliundwa mwaka 2012.

Kwa nini dhana potofu hudumu hata pale sababu ya kweli ifukapo moshi jikoni? Mazoea ya kufikiri hayachagui kabila wala taifa. Mwaka 1620 mwanafalsafa Francis Bacon wa Uingereza aliandika kwamba akili ya mtu, ikiisha kulikubali jambo, huyakusanya yanayolithibitisha na kuyapuuza yanayolipinga. Mtoto akifa siku mbili baada ya bibi kizee kupita, siku hiyo hukumbukwa. Siku mia alizopita bila dhara hazikumbukwi na mtu.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason, huko London, aliwapa wanafunzi namba 2, 4, 6, akawaambia kwamba zimefuata kanuni fulani. Kazi yao ilikuwa kutunga namba tatu tatu nyingine, naye akiwajibu kama zafuata kanuni au la. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili. Mtu ajaribuye 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24, hujibiwa "ndiyo" kila mara, akatangaza kanuni yake kwa uhakika, naye amekosea: kanuni ni namba zinazopanda tu. Angalijaribu 1, 7, 30, angaligundua. Jaribio hili halihitaji maabara. Ubao na chaki hutosha.

Baada ya jaribio hilo mwalimu achore mraba wenye vyumba vinne, akikihusisha na kijiji cha kubuni ili asitajwe mtu yeyote. Chumba cha kwanza ni cha nyumba zenye mzee wa macho mekundu na zilizopatwa na msiba. Cha pili, zenye mzee huyo lakini zisizo na msiba. Cha tatu, zisizo naye lakini zenye msiba. Cha nne, zisizo na mzee huyo wala msiba. Uvumi hukitazama chumba cha kwanza peke yake. Mwanafunzi hana budi kuvijaza vyote vinne kabla hajasema kwamba mambo mawili yanahusiana. Hata yakionekana kuhusiana, ataulizwa tena kama hakuna sababu nyingine, mathalani malaria au maji machafu.

Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli. Sheria huuzuia mkono. Swali lililozoewa tangu darasani huizuia shutuma isitamkwe. Na maarifa hayo hayo yana faida ya pili: ajuaye kwamba wekundu wa macho watokana na moshi atamjengea bibi yake jiko lenye bomba la kutolea moshi, na penye vikope atampeleka hospitali mapema, kabla kope hazijageuka ndani na kumpofusha.