Ndege ya Kivita Inayoenea Kiganjani



Bila shaka umewaona watoto wa kijijini kwako wakitengeneza magari ya waya. Magurudumu hukatwa kwenye ndala zilizochakaa. Usukani ni waya mrefu unaofika kifuani. Mtoto hodari hatosheki na hayo. Ataongeza vioo vya pembeni, bampa na mlango unaofunguka. Ameliona basi pale stendi na anajua kwamba lina vitu hivyo.

Huko Uingereza, Marekani, Japani na nchi nyingine wapo watu wazima wanaofanya kazi ya namna hiyo kwa ndege. Hununua sanduku lenye vipande vya plastiki. Huvigandisha kwa gundi na kupata mfano mdogo wa ndege. Wengi huishia hapo. Lakini wengine huchungulia ndani ya chumba cha rubani na kuona kwamba hamna kitu, au kuna kiti kitupu kama kigoda. Basi huchukua wembe, plastiki na waya, wakatengeneza kwa mikono yao kila kitu kilichokosekana.

Tuitazame kazi hiyo kwa kutumia ndege moja, nayo ni Spitfire ya Uingereza. Ndege hii iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi, 1936. Ilipigana katika Vita vya Pili vya Dunia, vile vita ambavyo askari wengi kutoka Afrika Mashariki walipelekwa mpaka Burma.

MAMBO YALIANZA NA TREKTA

Katika Uingereza kampuni inayojulikana sana kwa mifano hii ni Airfix. Ilianzishwa mwaka 1939, na kwa muda ilitengeneza vitana vya plastiki. Kisha kampuni ya matrekta ya Ferguson ikataka mifano midogo ya trekta lake, ili wauzaji wake wawaonyeshe wateja. Airfix ikaifanya kazi hiyo mwaka 1949. Mimi bwana shamba nafurahi kusikia kwamba trekta lilitangulia mbele ya ndege ya kivita.

Trekta lile lilikuwa na vipande vingi, na kuviunganisha kiwandani ilikuwa taabu. Baadaye likauzwa likiwa vipande, mnunuzi aunganishe mwenyewe nyumbani. Mwaka 1953 kampuni hiyo ikatoa Spitfire yake ya kwanza kwa namna hiyo hiyo.

Vipande hivyo hutengenezwa kwa kusukuma plastiki ya moto ndani ya kalibu la chuma. Plastiki haiwezi kupita mahali pembamba mno. Kwa hiyo kingo huwa nene kuliko inavyotakiwa. Bati la ndege lenye unene wa milimita 1, ukiligawa kwa 72, linakuwa jembamba kuliko karatasi. Hapo ndipo kiwanda kinaposhindwa na mkono wa mtu unapoanza kazi.

UMBO KWANZA, MAPAMBO BAADAYE

Usidhani mifano hii ilikuwa ya kuchezea tu. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba, 1939, siku tatu baada ya Uingereza kuingia vitani, ilitolewa habari kwamba ndege za Wajerumani zinakuja. Habari hiyo haikuwa kweli. Ndege za Spitfire ziliruka, zikaona ndege nyingine angani, zikazishambulia. Kumbe zilikuwa Hurricane za Uingereza ile ile. Hurricane mbili ziliangushwa, na rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, akafa. Aliuawa na wenzake.

Vita vilipoendelea, askari walifundishwa kwa bidii kutambua ndege kwa umbo lake. Mwaka 1942 Jeshi la Maji la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge nusu milioni ya mifano ya ndege kwa mti. Kila mfano ulikuwa mdogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Ukiutazama mfano kama huo kutoka mita 10, unauona kama ndege ya kweli iliyo umbali wa mita 720.

Mifano ile ilipakwa rangi nyeusi tupu. Haikuwa na kiti wala usukani wala saa. Kilichotakiwa ni bawa liwe na umbo lake sawasawa, na mkia hali kadhalika. Bawa la Spitfire ni la mviringo kama jani. Bawa la Hurricane ni nene na limenyooka zaidi. Tofauti ndogo za namna hiyo ndizo zilizomtenga rafiki na adui.

Kwa hiyo nami nasema: sahihisha umbo kwanza. Kiti kizuri ndani ya ndege iliyopinda mkia ni sawa na kupanda majani juu ya tuta lisilofuata kontua. Mvua ikija, tuta na majani yote yataondoka.

KUPIMA KWA SKELI

Skeli ni hesabu ya kugawa tu. Skeli ya 1/72 maana yake ni kwamba kila kipimo cha ndege ya kweli kinagawanywa kwa 72. Ya 1/48 unagawa kwa 48. Jaribu na jembe lako. Mpini wenye sentimita 120, kwa skeli ya 1/48, unakuwa sentimita 2 na nusu.

Spitfire za mwanzo zilikuwa na upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Kwa 1/72 inakuwa kama sentimita 15 na nusu. Rubani mwenye urefu wa sentimita 175 anakuwa kama sentimita 2.4. Mkanda wake wa kujifungia, kama una upana wa sentimita 5, unakuwa milimita 0.7. Ukikata mkanda wa milimita 2, umemfunga rubani wako kwa kitu kipana kama shuka la kitandani! Kosa hili ndilo linaloonekana zaidi katika kazi za wanaoanza. Kila kitu wanachoongeza ni kinene mno.

JUA KABLA HUJAKATA

Spitfire zilitengenezwa zaidi ya 20,000, nazo zilibadilika kila mara. Za kwanza zilikuwa na pangaboi la mti lenye mapanga mawili. Baadaye yakawa matatu, na mwishoni hata matano. Kioo cha juu ya rubani kilikuwa bapa, kisha kikatunishwa ili kichwa kipate nafasi.

Basi chagua kwanza ni ndege gani na ya mwaka gani. Kisha tafuta picha zake. Picha za wakati ule ule ndizo bora. Ndege nyingi zilizo katika makumbusho zimetengenezwa upya, na baadhi ya vipande si vya asili yake. Pahali usipopajua, pawache wazi. Kitu cha kubuni kinamdanganya atazamaye, na pengo halimdanganyi mtu.

VIFAA SI VYA GHALI

Vipande vya plastiki huja vimeshikwa kwenye vijiti vya plastiki ile ile. Watu wengi huvitupa vijiti hivyo. Usivitupe. Shika kijiti kimoja kwa mikono miwili juu ya mshumaa, bila kukigusisha kwenye ulimi wa moto. Kizungushe polepole. Kikianza kulegea, kiondoe motoni, kisha kivute. Ukivuta upesi utapata uzi mwembamba kama unywele. Ukivuta taratibu utapata fimbo nene kidogo. Kishikilie mpaka kipoe, la sivyo kitapinda. Kwa nyuzi hizo utapata mabomba, fimbo na waya wa redio.

Kitu cha pili ni plastiki nyembamba iliyo bapa. Huhitaji kuikata mpaka upande wa pili. Pitisha wembe mara mbili juu yake, halafu ikunje. Itavunjika kwa kunyooka.

Cha tatu ni nyuzi za shaba zilizo ndani ya waya wa umeme uliotupwa. Cha nne ni karatasi ya bati laini, kama ile ya ndani ya paketi ya sigara. Zamani watu walitumia pia mirija ya dawa ya meno, ilipokuwa ya bati. Wengine hutumia risasi kwa sababu inapindika kirahisi. Mimi sikushauri. Risasi ni sumu, na mtoto akiitia mdomoni itamdhuru.

Gundi ya mifano haigandishi tu. Huyeyusha plastiki mbili zikawa kitu kimoja. Ndiyo maana haishiki shaba wala bati. Kwa hivyo unahitaji gundi ya namna nyingine. Mvuke wake ni mbaya kama ule wa dawa za kunyunyizia pamba. Fungua madirisha. Zima mshumaa kabla hujafungua gundi. Ukipiga msasa, ulowe maji kwanza ili vumbi lisiruke ukalivuta.

NDANI YA CHUMBA CHA RUBANI

Kabla ya kuunganisha pande mbili za mwili wa ndege, kwangua kuta kwa ndani zipungue unene. Hapo ndipo panapopatikana nafasi. Kata vipande vyembamba vya plastiki, uvigandishe kwenye kuta kwa kusimama, mfano wa mbavu. Ndege ya kweli ilikuwa na mbavu za namna hiyo zilizoshika bati la nje. Rangi ya ndani ilikuwa kijani iliyochanganyika na kijivu.

Usukani wa Spitfire haukuwa fimbo tupu. Juu yake palikuwa na pete ya kushikia, na kitufe cha kufyatulia bunduki. Zungushia uzi wa shaba kwenye sindano, kata mzunguko mmoja, utapata pete hiyo.

Upande wa kulia wa rubani, katika ndege za mwanzo, palikuwa na mkono wa pampu. Rubani alipanda angani huku akipampu kwa mkono wa kulia ili magurudumu yakunjike, na usukani akiushika kwa mkono wa kushoto. Ndege ilipanda na kushuka kila alipopampu. Fimbo hiyo ni kipande cha plastiki cha milimita chache. Lakini ukishaiweka unaelewa kwamba rubani alikuwa na kazi nyingi kuliko mikono yake.

Mbele yake kulikuwa na saa za kupimia. Sita kati ya hizo ziliwekwa pamoja katikati, ili rubani aendeshe hata ndani ya mawingu. Zilimwonyesha mwendo, kimo na kama ndege imelala upande. Kwa skeli ya 1/72 kila saa ni kama milimita 1. Paka ubao rangi nyeusi. Chora mishale kwa ncha ya sindano iliyochovywa kwenye rangi nyeupe. Ikikauka, dondoshea tone la vanishi juu ya kila saa. Tone hilo litang'aa kama kioo.

Sasa zingatia ubao huo wa saa. Mbele yake, kati ya rubani na injini, Spitfire za mwanzo zilibeba matangi mawili ya petroli yenye lita zipatazo 385. Risasi ilipopenya hapo, moto uliweza kumfikia rubani usoni na mikononi mara moja. Daktari Archibald McIndoe, katika hospitali ya East Grinstead, aliwatibu wanajeshi wengi wa anga walioungua. Wengine walihitaji kutengenezewa pua na kope upya kwa ngozi ya miili yao.

Watu huuliza kama ni vema kutengeneza mifano ya vyombo vya kuua. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba ndege tupu, iliyopakwa rangi nzuri, huficha jambo. Anayekata mikanda ya rubani kwa wembe na kuifunga kwenye kiti anajua ni nani aliyekaa pale, na alikuwa na nafasi kiasi gani ya kutoka.

Njia ya kutoka ilikuwa juu, pamoja na kimlango kidogo upande wa kushoto kilichofunguka kwa kushuka chini. Ukitaka kukifungua kwenye mfano wako, usikate kwa nguvu. Pitisha mgongo wa wembe mahali pamoja mara nyingi, mpaka kipande kitoke chenyewe. Kingo zikwangue mpaka ziwe nyembamba.

Kabla ya kutia gundi, bana pande mbili za mwili wa ndege kwa vidole. Zisipokutana, kuna kitu ndani kilicho kirefu mno. Kitafute ukipunguze. Usilazimishe.

NJE YA NDEGE

Nje kazi ni chache. Nyuma ya kila mguu wa gurudumu gandisha uzi wa shaba. Huo ndio mrija wa breki. Mbele ya mabawa kulikuwa na matundu ya bunduki nane, manne kila upande. Mafundi waliyaziba kwa viraka vya kitambaa chekundu ili baridi na unyevu visiingie. Risasi ya kwanza ilitoboa kiraka. Kwa hiyo viraka vizima humaanisha ndege haijapiga risasi, na masizi kwenye bawa humaanisha imepiga. Amua moja.

Waya wa redio ulitoka kwenye mlingoti ulio nyuma ya rubani mpaka juu ya mkia. Tumia ule uzi wa plastiki uliouvuta kwenye mshumaa. Ugandishe ncha ya mbele, ungoje ukauke, ndipo ushike ncha ya nyuma. Ukilegea, sogeza karibu yake kijiti cha ubani kilichozimwa ulimi na kubaki kaa tu. Joto litaukaza. Ukisogeza mno utakatika, uanze na mwingine. Kazi hii iwe ya mwisho kabisa, rangi zote zikiwa zimekauka, kwa maana mkono unaoishika ndege baada ya hapo huukata.